Karai Moja kwa Mbwa Wawili

Kaka yangu alinipa siku sita. Nilikuwa nyumbani kwangu Uyole, Mbeya, napanga nguo za kuondoka nazo likizo ya Juni, simu ikaita, naye hakuzunguka.

"Huyo mtoto wa mbwa mpeleke kwa mama, sawa. Ila Jumamosi nakuja kuwaacha watoto kwa bibi yao. Nikikuta hao mbwa wanaumana, yule mzee anapanda gari langu. Na unajua namshushia wapi."

Nilijua. Alikuwa ameshazungumza na bwana mifugo wa Mafinga, na walichozungumza ni sindano.

Nisimfanye kaka aonekane mtu mbaya, maana siye. Mama yetu anaishi peke yake pembezoni mwa Mafinga, mahali nyumba zinapokoma na msitu wa paini unapoanza. Kaka anaishi Iringa mjini, anauza mbao, na kila usiku kabla ya kulala anawaza mlango wa mama. Mbwa wa pale alikuwa na miaka kumi na moja na masikio yake yalikuwa yamekufa. Mwezi wa Aprili mtu alikata kufuli la stoo mchana kweupe, mama akiwa kanisani, akabeba maharage, na mbwa akaendelea na usingizi wake. Kaka alitaka mbwa mwenye masikio. Tena binti yake mdogo ana miaka mitatu, na hakutaka mbwa mzee mwenye hasira awe karibu naye. Ungekuwa wewe, huenda ungesema hivyohivyo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mimi nililiona na yeye hakuliona, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki na mama baada ya kumzika baba. Mama alikuwa ameacha kupika. Nikimpikia anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Siku moja nilichelewa kurudi kutoka sokoni, nikamkuta jikoni anasonga ugali. Mbwa wa baba alikuwa amekaa mlangoni anamtazama.

"Huyu hajala tangu jana," mama akasema, kama mtu anayejitetea.

Alipomaliza kumpakulia mbwa, akajipakulia na yeye. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na hivyo ndivyo mama alivyokuwa akila: mbwa kwanza, halafu yeye. Niliogopa kitakachotokea siku atakaposonga ugali na kutazama mlango mtupu. Ndiyo maana nilimwomba kaka kwamba mbwa mpya aje, ila wa zamani abaki. Akanipa hizo siku sita.

Kijibwa nilimpata kwa mwalimu mwenzangu: umri wiki tisa, rangi ya kahawia, miguu myeupe, tumbo kama ngoma. Jumapili asubuhi mume wa mwalimu huyo alikuwa anakwenda Iringa na gari lake, akatubeba, mimi nimekaa mbele na kijibwa ndani ya tenga miguuni pangu. Kijibwa alitapika Igawa, akatapika tena Makambako. Tulipofika Mafinga baridi ilikuwa imeshika kiasi kwamba kijibwa alitetemeka mwili mzima, na nilipokuwa navuka uwanja wa mama niliwaza kitu kimoja tu: moto.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Jiko la mama liko nje, kibanda cha matofali, na msimu wa baridi mbwa mzee hulala pembeni mwa mafiga, juu ya majivu yanayobaki na joto. Pale ni pake. Mimi nikaingia na kijibwa mikononi, nikamweka palepale, nusu hatua kutoka pua ya mbwa ambaye hata hakusikia nikiingia. Fikiria umelala, unafungua macho, unakuta mtu usiyemjua ameketi kitandani pako, na wenye nyumba wamesimama wanatabasamu.

Mzee aliamka kwa shida, miguu ya nyuma ikichelewa kumfuata. Akageuza uso pembeni. Kisha akanguruma, sauti nzito ya chini kabisa, kama lori lililobeba magogo likipanda mlima mbali.

Kijibwa hakuelewa. Alimkimbilia akitikisa mkia, akaanza kumlamba mdomo. Mzee akanguruma tena, midomo ikipanda juu ya meno.

Nikachukua ufagio wa chelewa uliokuwa umeegemea ukuta, nikamchapa mgongoni.

"Usimpige," mama akasema.

"Lazima ajue mapema, mama. Akizoea, Jumamosi itakuwa shida."

"Hajafanya kitu. Amenguruma tu."

"Ndiyo hicho kitu chenyewe."

Jioni ile alinguruma mara mbili zaidi, nami nikamchapa mara mbili zaidi. Wala si kwa nguvu. Hilo nilijiambia na naliandika hapa ingawa halinisaidii. Tulipokwenda kula, mzee alikuwa amenyamaza. Kijibwa alikuwa amejikunja karibu yake juu ya majivu na mzee ametazama ukuta, hasemi neno. Nikalala nimefurahi. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, na mara nyingi kelele zikiisha huwa nadhani somo limeeleweka.

Jumatatu mama aliamka na mpango wake. Nikueleze kidogo nyumba yetu ilivyokuwa, ili uone kwamba mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Tulikuwa watoto sita, tukila sinia moja. Wawili wakipigana, mama hakuuliza nani alianza. Aliwapakulia sahani moja, ugali mmoja, na kipande kimoja cha nyama katikati, akawakalisha uso kwa uso, na hakuna kuinuka mpaka sahani iwe nyeupe. Mimi na kaka huyu wa mbao tumekaa mbele ya sahani hiyo mara nyingi kuliko wengine wote. Tonge la kwanza mnakula mmenuna. Ikifika ile nyama, lazima mmoja aseme neno, na neno likishatoka ugomvi umekwisha. Akina mama wote wa mtaa wetu walifanya hivyo. Mpaka leo ukigombana na ndugu, mtu mzima atakwambia, "Mmeshakula pamoja?"

"Wale karai moja," mama akasema. "Watajuana."

Nikasema vizuri kabisa. Akasonga ugali wa dona, akauchanganya na dagaa, akauacha upoe, akaweka karai katikati ya uwanja. Sisi tukakaa kwenye ngazi ya jiko kama watu waliokuja kuangalia mpira.

Mzee alifika kwanza, akaanza kula taratibu. Kijibwa akaja mbio, akaingia ndani ya karai na miguu yote minne.

Mzee akaacha kutafuna. Hakutoa kichwa kwenye karai wala hakunguruma. Aliganda tu, shingo ngumu, jicho moja likimtazama kijibwa kutoka pembeni hata weupe wa jicho ukaonekana. Leo nikiona mbwa ameganda hivyo, moyo wangu unaruka. Siku ile nilimgusa mama begani nikamwambia, "Unaona? Amempisha."

Kilichofuata kilikuwa cha haraka kuliko ninavyoweza kukiandika. Nilisikia meno yakigongana, halafu kilio ambacho nilidhani ni cha mtoto wa binadamu. Karai lilipinduka. Kijibwa alikuja akijikokota kwenye ngazi, sikio la kushoto limechanika, damu inamwingia jichoni. Mama alimfunika na khanga. Nilipoinua macho kumtafuta mzee, nilimkuta amesimama mbali karibu na stoo, mkia katikati ya miguu. Hakuwa anamwangalia kijibwa. Alikuwa ananiangalia mimi, na mikono yangu, kuona nimeshika nini.

Damu haikukoma. Nikasema nampigia bwana mifugo.

"Ukimwita huyo umemwita na kaka yako," mama akasema.

"Mama, sikio linaning'inia."

"Nitalifunga. Nimefunga vidonda vyenu vyote."

"Na likioza?"

Akamfuta kijibwa jicho kwa ncha ya khanga. "Basi nimempoteza," akasema. Nilielewa kwamba anayemsema ni yule aliyesimama karibu na stoo.

Nilipiga. Sikuona njia nyingine. Huwezi kumwokoa mbwa mmoja kwa kumwachia mwingine aoze sikio.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, mtu mfupi mwenye koti kubwa la mvua. Akamsafisha kijibwa, akamshona nyuzi nne, akamchoma dawa, huku akimwita "bwana mkubwa" na kumpa pole kama mgonjwa wa kweli. Kisha akanigeukia.

"Mzee chanjo ya kichaa nilimpa mwenyewe mwaka jana, huko sina wasiwasi. Niambie hivi: alinguruma kwanza?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Hapo sasa. Anayenguruma unaweza kuishi naye. Anayeuma kimyakimya ndiye nisiyempenda, hasa kwenye nyumba yenye watoto."

Mama alikuwa ameinama anaokota dagaa. Hakuinua uso. "Mwambie ulichomfanyia jana," akasema.

Nikamwambia. Ufagio, mara tatu. Niliongea nikitazama viatu vyake.

"Aa, mwalimu!" akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka, ingawa si sana. "Unaona pikipiki yangu ile? Ina honi. Nikiona mtu katikati ya barabara napiga honi, anatoka, tunaachana kwa amani. Sasa wewe umekata waya wa honi, halafu unashangaa nimemgonga mtu. Mbwa kunguruma ndiyo honi yake. Alimwambia mtoto, toka. Alikwambia na wewe, mtoe huyu. Ukamchapa. Leo hakuwa na namna nyingine ya kusema, yamebaki meno."

"Na karai?" mama akauliza.

"Karai moja?" Akamtazama mama, akanitazama mimi. "Mama yangu, hao hukuwazaa wewe. Wanao ukiwakalisha sahani moja wanaona aibu, wanapatana. Mbwa mzee ukimwekea mwenzake kwenye sahani, anaona mwizi."

Akatueleza la kufanya. Kijibwa alale sehemu yake na ale sehemu yake, mbali. Wakutane nje ya uwanja, barabarani, mahali pasipo pa yeyote, kila mmoja na kamba, wakitembea upande kwa upande bila kutazamana. Na mzee akinguruma, tumshukuru na tumwondoe mtoto.

"Shida ni moja," akasema akivaa kofia yake ngumu. "Ameshafundishwa kunyamaza. Sijui kama sauti itarudi. Ikirudi, mna mbwa. Isiporudi, kaka yako ana haki."

"Utamwambia?" nikauliza.

"Akiniuliza sitadanganya. Ila mimi simpigii, simu yangu si ya umbea."

Zilikuwa zimebaki siku tano, ukihesabu na ile yenyewe.

Jumanne asubuhi tulitoka, mama ameshika kamba ya mzee, mimi ya kijibwa, barabara ya vumbi inayopita kwenye karakana za mafundi seremala. Ukungu ulikuwa haujainuka. Lazima uelewe kwamba huku kwetu hakuna anayetembeza mbwa. Mbwa hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, basi. Mama ana miaka sabini na mbili na alikuwa amevaa sweta la kanisani kwa sababu hakujua mtu huvaa nini kwa kazi kama ile.

Mafundi waliacha randa zao.

"Kamwene, mama! Mnampeleka kliniki?"

"Kamwene. Tunatembea tu."

"Mama amekuwa mzungu! Bado kofia tu!"

"Huyo mbwa ndiye anakutembeza wewe, mama, angalia kamba ilivyokaza!"

Mama hakusimama. "Na wewe nani anakutembeza? Maana jana nimemwona mkeo amekushika shati kutoka kilabuni."

Karakana nzima ikapasuka kwa kicheko, na aliyetaniwa akarudi kwenye randa yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mzee. Alitembea upande wake wa barabara, kichwa chini, na kila kijibwa alipovuta kamba kumwelekea, shingo ya mzee ilikuwa ngumu na mdomo umefungwa. Hakuna sauti. Nilitamani angurume kama watu wanavyotamani mvua. Nilikuwa nimemnyamazisha kwa jioni moja, na sasa sikujua namna ya kuirudisha sauti.

Jumatano ilikuwa hivyohivyo, ila tulipunguza upana wa barabara kati yao. Nyumbani kijibwa alilala kwenye boksi chumbani kwangu, na makarai yalikuwa mawili, moja mlango wa mbele, moja nyuma. Ufagio niliutoa jikoni kabisa, nikauweka chooni. Mzee akinipita alikuwa bado ananikwepa, akipita nje ya urefu wa mkono wangu. Nilianza kukaa chini kwenye ngazi, mikono juu ya magoti ili aione, nikasahihisha madaftari niliyokuja nayo. Sikumwita. Nilichojifunza kwa watoto waliopigwa nyumbani ni kwamba ukiwaita haraka wanazidi kwenda mbali. Kaa tu, fanya kazi yako, uwe kitu kisichotisha. Hilo lilinichukua saa nyingi, na saa nyingi ndizo sikuwa nazo.

Alhamisi mchana kijibwa alinichomoka. Nilifungua mlango nikiwa na ndoo, akapita katikati ya miguu yangu, akavuka uwanja wote, akaingia jikoni. Nilitupa ndoo nikamkimbilia. Nilipofika mlangoni mzee alikuwa amelala kwenye majivu yake, na kijibwa amesimama juu yake akiwa na bandeji kichwani, anamnusa jicho.

Mama alikuwa ndani, ameshika mwiko. Hakusogea. Mimi pia nilisimama, nikauma ulimi. Shingo ya mzee iliganda. Nikaona weupe wa jicho.

Kisha, kutoka chini kabisa, ikaja. Ilianza kama pumzi, ikakatika, mzee akanitazama mikononi. Nikaificha mikono nyuma ya mgongo. Ikaanza tena, ndefu sasa, nzito, ile ya lori la magogo.

Kijibwa akashusha masikio, hata lile bovu. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, akakaa chini mlangoni.

"Amesema!" mama akasema kwa mnong'ono. "Mwanangu, amesema!" Akanishika mkono na mwiko wenye ugali ukanipaka shavuni. Sijui kama kuna nyumba nyingine Mafinga nzima iliyowahi kushangilia mbwa akinguruma. Nilimbeba kijibwa nikamtoa, kama tulivyoagizwa, na mzee akaweka kichwa chini akafumba macho.

Lakini mara moja si mara zote, na Ijumaa jioni simu iliita.

"Vipi huko, kuna tatizo?" kaka akauliza.

Nilisita. Mama akaninyang'anya simu. "Njoo uone mwenyewe," akasema, akakata. Tukatazamana. Hakuwa amedanganya, lakini sote wawili tulijua hakuwa amesema.

Alifika Jumamosi kabla ya saa tano, watoto wawili nyuma, mikoba na magodoro. Tulikuwa hatujamaliza salamu alipomwona kijibwa.

"Hiki nini?"

"Aliumwa Jumatatu," nikasema. "Kosa langu, kaka. Nilimpiga mzee alipo—"

"Kosa la nani halimsaidii mtoto wangu, dada. Ameuma au hajauma?"

"Ameuma."

"Basi." Akarudi garini, akaanza kutafuta kamba chini ya kiti.

Mama akamfuata. "Nisikilize. Hujamwona. Hujui kilichotokea wiki hii."

"Mama, nikae Iringa nawaza watoto wangu wamelala na mbwa anayechana masikio?"

"Ungeniuliza mimi kwanza. Mimi ndiye ninayeishi naye."

"Nimekuuliza jana kwenye simu! Ukanikatia!"

Walikuwa wanaongea kwa pamoja sasa, na mimi nikajitia katikati, sauti tatu, kama tulivyokuwa tukigombana zamani. Aliyenyamaza kwanza ni mama. Aligeuza kichwa. "Mdogo yuko wapi?"

Mkubwa alikuwa amekaa kwenye magodoro. Mdogo hakuwepo.

Tulimwona kupitia mlango wa jiko. Alikuwa amechuchumaa mbele ya majivu, andazi mkononi, analiinua juu, na kijibwa anarukaruka kulidaka. Mzee alikuwa nyuma yao, ukutani, hana pa kupita. Amesimama. Shingo imekaza.

Kaka akaanza kukimbia. Tulikuwa bado mbali alipopiga kelele jina la mtoto, na mtoto akageuka kumtazama baba yake, akabaki palepale alipokuwa.

Mzee akanguruma. Hata pale uwanjani tuliisikia.

"Mjukuu wangu," mama akaita, bila haraka, kwa sauti ile ya kuita watoto kula. "Mzee anasema usogee mbali. Rudi kwa bibi, polepole."

Mtoto akamtazama mbwa. Akainuka, akarudi nyuma na andazi lake. Kijibwa alikuwa ameshakaa chini mlangoni tangu sauti ilipoanza. Njia ilipofunguka mzee alipita katikati yao, hakumgusa yeyote, akatoka nje, akazunguka nyuma ya stoo.

Kaka alimbeba binti yake akamkagua mikono yote, kidole kwa kidole. Alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima.

"Amemngurumia mwanangu," akasema hatimaye.

"Ndiyo," mama akasema. "Na mwanao amesikia, ana miaka mitatu. Hata huyo mdogo mwenye bandeji amesikia. Umebaki wewe."

Kaka alitazama upande wa stoo. Nilifikiri atakwenda nyuma ya stoo na ile kamba. Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika kama nimwombe amwache. Nilikuwa nimeona ule mkono mdogo na yale meno, na umbali kati yao. Alimshusha mtoto, akaingia jikoni, akasimama pale mzee alipokuwa amebanwa. Akageuka huku na huku, akapima kwa hatua kutoka kwenye mafiga hadi ukutani, akachungulia mlango.

"Hana pa kutokea," akasema. "Mtu akikaa hapa, mbwa hana pa kutokea."

"Hana," nikasema.

"Mngemwachia upenyo huku. Halafu geti fupi hapa, watoto wasiingie kwake." Aligonga ukuta kwa kiganja. "Nyundo iko wapi?"

Alikwenda kwenye kiwanda cha kupasulia mbao akarudi na mabanzi, zile mbao za pembeni zinazobaki na magome, na mchana wote aligongelea. Alitoa matofali sita ukutani akamfanyia mzee kitundu cha kutokea upande wa nyuma, akatengeneza geti la urefu wa kiuno lenye komeo ambalo mtoto halifikii. Alijichoma kibanzi, akatukana kidogo, mama akamkemea mbele ya watoto. Mimi nilimfundisha mdogo kwamba mzee akila hakaribiwi, na akinguruma tunarudi nyuma na kusema asante. Alilipenda sana hilo la asante, akawa anamshukuru mbwa hata akiwa amenyamaza.

Nisikudanganye: hawa wawili hawajawa marafiki. Kama nawe una mbwa mzee na unataka kumletea mwenzake, ukiniuliza nitakwambia inawezekana, ila usitafute mapenzi. Tafuta nafasi. Kijibwa, ambaye sasa ni mkubwa, ana boksi lake barazani na ndiye anayebweka mtu akikaribia. Mzee akimwona amesimama anabweka, naye huinuka akabweka upande uleule, bila kujua kuna nini.

Jumapili ile alasiri kaka alipakia vifaa vyake. Nilitazama kila kilichoingia garini: nyundo, msumeno, kamba, na mkoba wake mwenyewe. Mikoba ya watoto ilibaki barazani. Akawasha gari, likafika barabarani, likasimama, nami nikageuka kumtafuta mzee kwa macho. Akashusha kioo.

"Komeo!" akapiga kelele. "Hakikisheni komeo!"

"Nenda zako, tumesikia!" mama akajibu, akageuka kwenda kubandika sufuria ya ugali.